Shika zana, kisha inua macho: Photoshop katika steshenari za Kariakoo

Kamati ya harusi ikihamisha ukumbi siku ambayo kadi zilitakiwa kwenda mashineni, kazi yote hurudi kwa dizaina. Kariakoo hilo ni jambo la kawaida. Mteja anaingia na flashi mkononi, anasimama nyuma ya kiti na kuelekeza kwa kidole: futa hapa, andika ukumbi mwingine, picha ya maharusi isogee juu kidogo. Wala haondoki mpaka aone. Kinachopimwa dakika hiyo si kipaji cha kuchora. Ni kama dizaina anajua, bila kuhangaisha kipanya, kitu gani kiko wapi kwenye skrini ya Photoshop.

Ujuzi huo mara nyingi hufundishwa vibaya. Mwanafunzi hukabidhiwa upau wa zana ulioko kushoto na kuambiwa azikariri moja baada ya nyingine, kuanzia juu hadi chini. Upau huo una zana nyingi kuliko zinazoonekana, kwa kuwa kila kitufe chenye pembetatu ndogo kwenye kona kimeficha nyingine chini yake. Ukikibonyeza bila kuachia, zinajitokeza. Anayeanza kwa kukariri huchoka kabla hajatengeneza kadi hata moja. Steshenari inayoishi kwa kadi, picha za pasipoti na vipeperushi inahitaji chache mno: ya kusogeza (herufi V kwenye kibodi), ya kupunguza kingo za picha (C), ya kuteua kwa mkono (L), brashi (B), ya kuziba dosari kwa kunakili sehemu nyingine ya picha (S) na ya maandishi (T).

Kinachostahili kujifunzwa kwanza ni jinsi sehemu za skrini zinavyotegemeana. Tangu toleo la 6 la mwaka 2000, chini ya menyu kumekuwa na upau wa machaguo, nao hubadilika kila zana inapobadilishwa. Hapa ndipo wengi hupotea. Mtu anatafuta mahali pa kuongeza ukubwa wa fonti, anapekua menyu zote, kumbe ameshika brashi na upau unamwonyesha mambo ya brashi. Akibonyeza T, fonti, saizi na rangi vinatokea palepale. Shika zana, kisha inua macho: mwalimu angefundisha hilo hata kabla ya kufungua picha yoyote, angewaokoa wanafunzi wake wiki nzima ya kubahatisha.

Sehemu inayodharauliwa kuliko zote ni kichupo cha faili, ule mstari mwembamba juu ya picha. Kimebeba jina la faili, asilimia ya ukuzaji, jina la leya (tabaka la picha) iliyochaguliwa na maandishi kama RGB/8. Kwa duka la uchapaji, herufi hizo tatu ni onyo. RGB ni rangi za mwanga, za skrini. Mashine ya ofseti huchapa kwa CMYK, yaani wino wa sayani, majenta, njano na mweusi. Buluu iliyong'aa kwenye kompyuta inaweza kutoka imefifia kwenye karatasi, na mama mzazi aliyechagua rangi ya sare hatapokea maelezo ya kitaalamu. Aliyezoea kusoma kichupo anajua mapema na kumwonyesha mteja rangi halisi kabla ya kuchapa. Asilimia nayo ina kazi yake. Picha ikitazamwa kwa asilimia 33 huonekana safi hata kama ina chengachenga. Ctrl na 1 huipeleka asilimia 100, na kasoro zote hujitokeza. Kadi ya saizi ya A5, milimita 148 kwa 210, kwa kiwango cha pikseli 300 kwa inchi huhitaji pikseli 1748 kwa 2480. Picha iliyotumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp hupunguzwa ukubwa njiani, kwa hiyo mara nyingi haifiki huko.

Upande wa kulia ndiko paneli zilipo, na ya leya ndiyo roho ya kazi ya kadi. Photoshop ya kwanza, iliyotolewa Februari 1990 kutokana na programu ya ndugu wawili wa Marekani, Thomas na John Knoll, haikuwa na leya. Ziliingia katika toleo la 3, mwaka 1994. Kabla ya hapo, kitu kilichobandikwa juu ya picha kilimezwa nayo mara tu uteuzi wake ulipoachiwa. Maandishi yalichelewa zaidi: ni toleo la 5 la mwaka 1998 lililoyawezesha kubaki maandishi, yakafunguliwa na kurekebishwa wakati wowote. Bila hatua hizo mbili, kuhamisha ukumbi kwenye kadi kungekuwa kuanza upya.

Lakini leya humsaidia anayezipa majina. Faili yenye "Layer 1", "Layer 1 copy" na "Layer 1 copy 4" ni mateso kwa dizaina wa zamu ya jioni anayeipokea. Yenye leya za "ukumbi", "tarehe", "maharusi" na "mapambo" hurekebishwa mteja akiwa bado amesimama. Kuna pia suala la majina ya waalikwa, kila kadi na jina lake na neno Single au Double. Photoshop inaweza kuyachukua kutoka kwenye orodha na kuyapachika yenyewe, kupitia amri ya Variables kwenye menyu ya Image. Hakuna paneli inayoitangaza. Anayefanya kazi kwa kutazama paneli tu anaweza kuchapa majina 300 kwa mkono, moja moja, bila kujua kwamba amri hiyo ipo.

Picha ya pasipoti ina mahitaji mengine. Hapo kazi ni kukata nywele vizuri kutoka kwenye mandhari, na paneli ya kuweka karibu ni ya historia, inayohifadhi hatua 50 za nyuma usipobadilisha idadi hiyo. Ctrl na Z ilianza kurudi hatua nyingi mfululizo Oktoba 2018 tu. Kwenye matoleo ya zamani zaidi, mibonyezo miwili humrudisha mtu palepale alipokuwa.

Wachapaji wa fulana wao huhitaji paneli ya chaneli, ambayo mpiga picha za pasipoti anaweza kuifunga asiikumbuke tena. Katika uchapaji wa skrini kila rangi ina fremu yake, na chaneli ndizo zinazoonyesha rangi zikiwa zimetenganishwa. Wauza kanga wa Mtaa wa Uhuru wanaijua kanuni hiyo kwenye kitambaa: rangi moja ikikaa nje ya mahali pake, pindo lote linaonekana limeteleza.

Kwa hiyo mpangilio unaokuja na programu, uitwao Essentials, haufai kuachwa kama ulivyo. Unajaribu kumhudumia kila mtu, na duka halifanyi kazi ya kila mtu. Tangu toleo la 7 la mwaka 2002, mpangilio wa paneli unaweza kuhifadhiwa kwa jina. Siku hizi njia ni menyu ya Window, Workspace, New Workspace. Kompyuta moja inayotumiwa na watu watatu ingekuwa na mipangilio mitatu: "kadi", "pasipoti", "fulana". Paneli ikiburutwa mahali pabaya, amri ya Reset kwenye menyu hiyohiyo hurudisha kila kitu. Na paneli zote zikitoweka ghafla, mara nyingi ni kitufe cha Tab kilichoguswa. Kikibonyezwa tena zinarudi.

Wasiotaka kulipia Photoshop kila mwezi, utaratibu ambao Adobe, kampuni inayoitengeneza, iliufanya kuwa njia yake kuu mwaka 2013, wana GIMP, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Kwa miaka mingi ilitawanya madirisha yake kwenye skrini nzima na kuwafukuza waliozoea Photoshop. Toleo la 2.8 la Mei 2012 lilileta uwezo wa kuyakusanya yote katika dirisha moja, na tangu hapo zana, leya na picha zinaweza kukaa pamoja. Vidole ndivyo vinavyochelewa kuzoea: huko herufi C hufungua zana ya kunakili sehemu ya picha, na kupunguza kingo ni Shift na C. Njia za kibodi hubadilishwa kwenye menyu ya Edit, na dizaina anayehamia GIMP angeanzia hapo kabla ya kupokea kazi ya mteja wa kwanza.