Marudio ya Kompyuta

Wachimbaji wadogo wa Nyarugusu na Rwamgasa hawamwagi mchanga ovyo. Mawe yakishasagwa kwenye karasha na unga wake ukaoshwa mwaloni, kinachobaki ni marudio, na marudio yana wanunuzi wake, maana kila aliyewahi kushika karai anajua kwamba dhahabu inayotoka mara ya kwanza si yote iliyokuwamo. Nimeufikiria mchanga huo mara nyingi nikiwa nimekaa kwenye benchi la fundi mmoja wa Kahama, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akizitafutia kompyuta zilizochoka kazi ya pili.

Kazi anayoienzi kuliko zote ni moja. Huichukua mashine ambayo mwenyewe ameshaikatia tamaa, iliyoelemewa na Windows mpya na kushindwa na video, akaifanya rauta ya nyumba. Intaneti yote huingia kwake kwanza. Hapo hukaguliwa, hupimwa na kugawanywa, ndipo iende chumba cha mbele kwenye steshenari ya mama mwenye nyumba, ndani kwa watoto, na uani kwa wapangaji. Wengi hawaamini kwamba jambo hilo linawezekana, kwa kuwa rauta wanayoijua ni kiboksi cha dukani chenye taa. Lakini ndani ya kiboksi kile mna kompyuta ndogo, na mara nyingi huendeshwa na Linux, mfumo uleule ambao Linus Torvalds aliuanza mwaka 1991 kwenye mashine ya 386. Mwaka 2003, msimbo wa programu za rauta ya Linksys WRT54G ulipowekwa hadharani, mafundi wa dunia walijionea wenyewe kilichomo, na mwaka uliofuata ukazaliwa mradi wa OpenWrt. Tofauti ya kiboksi na sipiyu kuukuu ni kwamba sipiyu inakubali kufunguliwa.

Mzee huanza na vumbi. Kahama ni mji wa malori yanayokwenda Rwanda na Burundi, na ni mji wa mashine za kukoboa mpunga. Kompyuta iliyokaa pale miaka kumi ina zulia ndani. Hulitoa kwa brashi ya rangi, taratibu, akipita kwenye mapezi ya feni ya prosesa, kisha hufuta dawa iliyokauka juu ya prosesa na kupaka mpya. Halafu hung'oa betri ya saa, ile yenye umbo la sarafu, na kuweka nyingine hata kama ya zamani ingali na chaji. Hili kwake ni kama wudhu. Mashine ambayo betri yake imekufa huamka kila umeme ukirudi ikiamini ni mwaka 2002, na mashine inayoamini hivyo hukataa kufungua tovuti za benki na za serikali, kwa kuwa vyeti vya usalama vya siku hizi vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Nimewaona vijana wakishinda kutwa nzima wakilaumu mtandao, kumbe mashine yao haijui leo ni lini.

Kisha huja waya. Huukata, huuchuna, hunyoosha nyuzi nane kwa kidole gumba na kuzitaja kwa sauti ya chini kama mtu anayehesabu tasbihi: chungwa na nyeupe, chungwa, kijani na nyeupe, buluu, buluu na nyeupe, kijani, kahawia na nyeupe, kahawia. Jozi ya kijani huachana ili kuipisha ya buluu katikati. Anayependa unadhifu wa macho ataziweka kijani na kijani pamoja. Waya wake utafanya kazi ukiwa mfupi, na ukivutwa hadi uani utaanza kupoteza data bila sababu inayoonekana. Zipo kazi nyingi ambazo kosa hujionyesha papo hapo. Hii si mojawapo, na ndiyo maana mzee habanii kichwa cha waya akiwa anaongea na mtu.

Modemu nayo ina tabia zake. Modemu nyingi za USB za miaka ya 3G, zikichomekwa, hujitambulisha kwanza kama diski ya CD yenye programu za Windows. Lazima zitumiwe amri maalumu ndipo zigeuke kuwa modemu. Na waya wa USB hauvumilii zaidi ya mita 5 hivi, wakati waya wa mtandao hufika mita 100. Kwa hiyo mzee hakuwahi kuhangaika kurefusha waya wa modemu juu ya paa. Aliisogeza mashine nzima dirishani, upande unaotazama mnara, akaacha waya mrefu ufanye safari ya ndani.

Nimesema hukagua na kugawa. Hapa ndipo ningependa msomaji akae nami kidogo.

Sheria za ngome ya Linux, yaani ulinzi unaoamua kipi kipite na kipi kizuiwe, husomwa kutoka juu kwenda chini, na sheria ya kwanza inayolingana na jambo ndiyo inayolihukumu. Huandikwa kwenye faili la kawaida, mstari kwa mstari, na mstari unaoanza na alama ya reli (#) mashine huuruka bila kuusoma. Mistari hiyo ni ya binadamu. Mafundi wengi huiacha tupu, au huiacha kama walivyoinakili. Faili la mzee lilikuwa na mistari ya binadamu mingi kuliko ya mashine. Palikuwa na mmoja ulioandikwa: simu ya Bibi, isikatwe hata bando likibaki kidogo. Mwingine: mpangaji wa chumba cha tatu ni muuguzi, yuko zamu za usiku, aachiwe nafasi mchana. Mwingine: runinga ya sebuleni, filamu zishushwe baada ya saa nne usiku tu. Chini ya kila mstari wa namna hiyo zilifuata namba na amri zilizolitimiza neno lenyewe: kasi kiasi gani, kwa anwani ipi, saa ngapi. Kabla ya kuandika chochote mzee alikuwa amepita chumba hadi chumba, akipiga hodi, akiamkiwa shikamoo na vijana na yeye akiwasalimu wazee mwangaluka, akiuliza kila mmoja anatumia intaneti kwa shughuli gani. Hakuwa anafanya ukarimu wa ziada. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi, na kompyuta ilikuja baadaye.

Faida yake niliiona siku ya matokeo. Kila aliyelea mtoto Tanzania anaijua siku NECTA inapotangaza kidato cha nne: simu zote za mji huelekea mahali pamoja, mnara huzidiwa, na wazazi hubaki wanatazama duara likizunguka kwenye kioo. Wakati huo kurasa za matokeo zilikuwa maandishi matupu, jedwali refu la namba za watahiniwa shule kwa shule, jepesi kabisa kama lingefika. Mzee alikuwa ameweka Squid kwenye mashine ya nyumba ile, Pentium 4 kuukuu; Squid ni programu inayotunza nakala ya kila ukurasa uliokwisha kufunguliwa. Alikaa nayo tangu habari ilipoanza kuvuma redioni, akaiacha ijaribu na kujaribu tena bila kuchoka, hadi ukurasa wa shule ya sekondari ya jirani ukaingia. Uliingia mara moja tu. Baada ya hapo ulikuwa wa nyumba nzima, na wa mtaa. Watu walijipanga barazani kwenye steshenari, mabinti wenye sare walizokwisha kuziaga, akina baba waliotoka sokoni na vumbi la mpunga mabegani, na kila aliyetaja namba yake aliiona papo hapo, kwa sababu mashine haikwenda tena kuitafuta Dar es Salaam, ilikuwa nayo. Mama alichapa kwa wale waliotaka karatasi. Binti mmoja aliisoma yake kimya, akairudia, kisha akamshika mzee mkono kwa mikono miwili na kupiga goti, kama vile yeye ndiye aliyesahihisha mtihani. Mzee akamwambia, "Mwanangu, mimi nimekuletea barua tu."

Tumefika mbali, na ni haki kulikumbuka hilo. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na katazo lile lilikuja kulegezwa katika miaka ya 1980. Migodi mikubwa ya dhahabu ilipofunguliwa, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka uliofuata, setilaiti ndiyo iliyokuwa njia ya intaneti kwa wenye fedha. Sengerema, katika barabara ya Mwanza kwenda Geita, kilikuwepo kituo cha mawasiliano cha jamii ambako mwananchi wa kawaida aliweza kuketi mbele ya kompyuta kwa malipo madogo. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, ukafuatiwa na mkongo wa taifa kuja bara, na minara ikaota hadi Katoro na Runzewe. Katika kipindi kile cha katikati, bando likiwa ghali na kompyuta za mtumba kutoka Kariakoo zikianza kuzagaa, ufundi wa mzee ulikuwa na thamani ambayo hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Ulikuwa na gharama pia. Sipiyu ya zamani hunywa umeme mara nyingi zaidi ya kiboksi, na LUKU haina huruma. Mzee alilijua hilo mapema, ndiyo maana baadaye akaanza kupendelea laptopu zilizovunjika kioo: umeme wake ni mdogo, na betri yake, hata iliyochoka, huivusha mashine dakika za kukatika kwa umeme. Tundu la pili la waya alilipata kwa adapta ya USB. Na masika yakija, mawingu yakianza kujikusanya upande wa ziwa, alikuwa na sharti moja kwa kila mteja: ngurumo ya kwanza ikisikika, chomoa waya wa umeme na wa mtandao, vyote viwili. Kanda ya Ziwa inajua radi. Waya wa shaba uliovutwa hadi uani hauulizi mwenyewe ni nani.

Siku hizi Squid haina kazi kubwa. Karibu kila tovuti sasa husafiri ikiwa imefungwa kwa HTTPS, na mashine ya katikati haiwezi kusoma wala kutunza nakala. Ni jambo jema kwa usalama wa watu na sina ugomvi nalo, ingawa limeifuta ile baraza ya siku ya matokeo. Kinachonisumbua ni kingine. Mnamo Agosti 2025 toleo jipya la Debian lilitoka bila njia ya kuliweka kwenye mashine za biti 32, na Oktoba 14 ya mwaka huohuo Microsoft ikaacha kuihudumia Windows 10. Kompyuta nyingi zitakazoachwa kwa sababu hiyo ni za biti 64, zenye nguvu mara nyingi ya ile Pentium 4, zinazotosha kuilinda nyumba kwa miaka mingi ijayo. Tayari zinarundikwa stoo za ofisi, Shinyanga hadi Geita, zikisubiri mtu wa chuma chakavu, naye atazichomea waya ili apate shaba. Hakuna anayezitazama mara ya pili. Vijana wanaokuja kwa mzee kujifunza wanataka kubadilisha vioo vya simu, kwa kuwa kioo kinalipa jioni ileile, na siwezi kumlaumu kijana mwenye njaa. Ninaowalaumu ni sisi tuliosoma, tunaonunua kiboksi, tukakiacha na nywila iliyobandikwa tumboni mwake tangu kiwandani, tukaishi nacho miaka mitano bila kuuliza hata siku moja ni akina nani wameunganishwa.

Mwaka jana mama wa steshenari aliletewa rauta mpya na mwanawe, akamwita mzee aje aing'oe mashine yake, maana ilikuwa inachukua nafasi dirishani. Mzee aliing'oa. Aliombwa afute diski, akafuta, pamoja na simu ya Bibi na zamu za muuguzi. Wiki za mwanzo kiboksi kipya kilikuwa na kasi kuliko mashine ya mzee, na mama alikisifu kwa kila mteja. Kisha bando likaanza kuisha kabla ya katikati ya mwezi. Muuguzi alilalamika kwamba mchana hapati kitu, vijana wakasema si wao, na mama, ambaye kwa miaka yote ile hakuwahi kukwaruzana na wapangaji wake kwa habari ya intaneti, akabadilisha nywila na hakumwambia mtu.