Utani kama Uhakiki: Marafiki Wawili wa Gairo na Riwaya ya Mapenzi ya Majini

Sehemu hii inajadili upokezi wa riwaya ya kifantasia ya Sarah J. Maas wa Marekani, A Court of Thorns and Roses (2015), kwa kuchunguza mazungumzo ya marafiki wawili wa mjini Gairo. Mmoja ameisoma kwa Kiingereza. Mwenzake ameisikia kwa kusimuliwa. Wanaitana watani, na mazungumzo yao yametawaliwa na kicheko. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kicheko hicho si dharau kwa kazi ya fasihi. Ni uhakiki unaofichua suala ambalo riwaya inalifunika, yaani ridhaa ya mhusika mkuu.

Feyre, binti wa miaka 19, anaua mbwa mwitu msituni wakati familia yake ina njaa. Kumbe mnyama huyo ni jini aliyegeuzwa umbo. Tamlin, mtawala wa majini, anavamia nyumba yao na kumchukua Feyre kuwa fidia ya uhai uliopotea. Baadaye wanapendana.

Mvutano wa kwanza wa watani hawa unahusu jina. Msimulizi anawaita viumbe hao majini. Mwenzake anakataa, kwa kuwa Tamlin ameishi karne kadhaa: "Mzee wa karne hizo haleti posa, mtani, yeye huletewa tambiko." Mzaha huu unadhihirisha kile ambacho Hans Robert Jauss anakiita upeo wa matarajio. Jini wa simulizi za pwani anaweza kumpenda binadamu. Mzimu wa Ukaguru ni mhenga, na mhenga hachumbii wajukuu wake. Kwa kubadilisha jina tu, msikilizaji ameufanya umri wa Tamlin, ambao riwaya inauchukulia kama pambo, kuwa tatizo la kimaadili.

Mvutano wa pili unahusu ukoo. "Mjomba wa binti alikuwa wapi mlango ulipovunjwa?" anauliza msikilizaji. Swali hili lina uzito katika jamii ya Wakaguru, ambayo kwa jadi hufuata ukoo wa mama na kumpa mjomba sauti katika ndoa. Katika riwaya, mama amefariki na baba ni dhaifu. Hakuna anayeweza kusema hapana kwa niaba ya Feyre. Msimulizi anajitetea kwamba Tamlin aliitajirisha familia. Jibu linakuja papo hapo: "Hiyo si mahari. Kachukua fidia, halafu karudisha chenji."

Hata hivyo, utani ni wa pande mbili, na msimulizi ana hoja nzito. Tamlin anamruhusu Feyre kurudi kwao, naye anaamua mwenyewe kumfuata ili kumwokoa. "Safari ya pili alikwenda kwa miguu yake," anasema, na mwenzake anakiri kushindwa. Mtafiti anakubaliana naye kwa sehemu. Matini inaonesha kuwa Feyre alihitajika ili kuvunja laana, naye hakuambiwa. Kwa hiyo, mapenzi ya mwanzo yalipangwa bila yeye kujua. Ridhaa inayostahili jina hilo inaanza pale anapoachiliwa.

Ulinganisho na Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert unaimarisha tafsiri hii. Humo, jini Huria anafungamana na Adili kwa sababu alimwokoa. Amri yake kwamba Adili awachape nduguze waliogeuzwa manyani ni ya kikatili, lakini Adili anajua anachodaiwa na sababu yake. Kwa Shaaban Robert, deni kati ya jini na binadamu linatajwa. Kwa Maas, linavikwa vazi la mahaba.

T. O. Beidelman, katika makala yake ya 1966 kuhusu utani wa Wakaguru, aliuhusisha na kifo, ujinsia na ukwe. Mambo hayo matatu ndiyo yanayobeba riwaya hii: uhai uliotolewa, mwili unaotamaniwa na ndoa isiyo na mshenga. Ndiyo maana watani wawili wasio na istilahi za kihakiki wameweza kuifikia haraka. Kwa jumla, uhakiki wa Kiswahili unapochunguza upokezi wa fasihi ya kigeni, haufai kuuondoa mzaha katika data kana kwamba ni kelele. Katika mazungumzo haya, swali la ridhaa lilifika kupitia mzaha.