Raba na Kalamu: Pongezi kwa Walimu wa Iten

Mwaka 1976, Bruda Colm O'Connell alitoka Ireland kuja kufundisha jiografia katika Shule ya St. Patrick's, Iten, Kenya. Hakuwa kocha, ukocha alijifunza papo hapo. Mwaka 1988, Peter Rono, zao la shule hiyo, alinyakua dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Seoul, akiwa mwanafunzi wa chuo cha Mount St. Mary's, Marekani. Miguu ilimfungulia mlango. Darasa lilimwandaa kuingia.

Shuleni miti imepandwa kuwaenzi mabingwa. Nami nawapongeza walimu wanaokimbiza vijana alfajiri kwenye vumbi jekundu, kisha wanawasubiri darasani, chaki mkononi. Mbio zina mwisho, elimu haiishi. Hongereni, walimu wetu!