Namba 256: jinsi kitufe cha kipaza sauti kilivyookolewa
Ukinunua kompyuta mpakato ya mitumba Mtwara mjini ukaiwekea Linux, jaribu kitufe cha kuzima kipaza sauti. Kwa hesabu za X11, mfumo wa madirisha uliotoka mwaka 1987, kitufe hicho kingekuwa bubu. Mara nyingi kinaitika, na njia iliyotumika inafaa kuchambuliwa.

Kerneli ya Linux hukipa kila kitufe namba, kuanzia 0 hadi 767. Kuzima kipaza sauti ni 248. X11 nayo hutangaza kila mbonyezo kwa pakiti ya baiti 32, idadi ile ile ya mashimo ya bao, na namba ya kitufe ina shimo moja tu. Baiti moja haivuki 255. Isitoshe, X11 haitumii namba 0 hadi 7, kwa hiyo kila namba ya kerneli huongezwa 8. Jumlisha 248 na 8, upate 256. Kitufe kimeachwa nje kwa tofauti ya moja.

Kupanua nafasi hiyo kungevuruga kila programu iliyoandikwa kwa kuufuata mpangilio huo. Mafundi wakatafuta namba isiyo na kazi. Kibodi nyingi huishia F12, lakini kerneli inaitambua hata F20, ambayo ni 190, na kwa X11 ni 198. Orodha ya vifaa iliyomo ndani ya systemd, mkusanyo wa programu zinazosimamia mfumo wa Linux, huagiza mbonyezo wa kipaza sauti uripotiwe kama F20. Kisha xkeyboard-config, mkusanyo wa mipangilio ya kibodi, ukiwemo wa Kiswahili cha Tanzania, huisoma F20 kuwa amri ya kuzima kipaza sauti. Kitufe cha padi ya kugusa, namba 530, hupitia F21.

Ufumbuzi huu ni wa busara, kwani haukugusa mpangilio wa X11. Udhaifu wake ni kwamba unategemea orodha: aina ya kompyuta isipoandikwa humo, kitufe hubaki bubu. Wayland, mrithi wa X11 iliyoanzishwa mwaka 2008, hutumia biti 32 kwa namba ya kitufe, ila programu za X11 zinazoendeshwa ndani yake bado zina kikomo cha 255.

Kwa hiyo kitufe kikikaa kimya, usiilaumu kompyuta. Soma msimbo wake ghafi (scancode) kwa programu ya evtest, andika faili fupi ndani ya /etc/udev/hwdb.d, kisha utume marekebisho kwa watunzaji wa systemd. Mwenye kompyuta kama yako, popote alipo, hatalazimika kuirudia kazi hiyo.