Kupima Hadithi ya Dijitali Iliyotungwa na Watoto kwa Pamoja

Hadithi iliyotungwa na watoto watatu au wanne kwenye simu moja hupimwa kwanza kwa mishono yake. Katika kazi mbovu kila ukurasa husimama peke yake: mbuzi ana jina ukurasa wa 2, hana ukurasa wa 4, na wa 6 amegeuka sungura, kwa kuwa kila aliyepokea simu alianza lake. Katika kazi nzuri, jambo lililodokezwa na mmoja hubebwa na mwenzake hadi likazaa tukio. Wingi wa rangi usimhadae mkaguzi. Hizo hutolewa na programu.

Kisha hupimwa jinsi watoto walivyozungumza wakitunga. Mwaka 1995 Neil Mercer, mtafiti Mwingereza wa mazungumzo ya darasani, alitofautisha mazungumzo ya aina 3: ya kushindana, ya kuongezeana bila kupima, na ya kuchunguza, ambamo wazo hupingwa kwa hoja kisha likatengenezwa. Aina ya pili ndiyo hudanganya zaidi. Kikundi hupatana vizuri, lakini hadithi yake ni "kisha" baada ya "kisha".

Mjini Bunia, mkoani Ituri, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kipimo kikali ni lugha. Dawati moja laweza kuwa na mtoto wa Kihema, wa Kilendu na wa Kialur, wakiunganishwa na Kiswahili, huku Kifaransa kikitawala ubaoni. Hadithi ya pamoja kweli humwacha msimulizi aandike "watoto" na bibi aseme "batoto", kama wasemavyo bibi wa nyumbani kwa Kiswahili cha huko. Kila "batoto" ikifutwa, mara nyingi mjuzi wa sarufi ameshika simu na wengine wamenyamaza. Sauti iliyorekodiwa hufichua hilo haraka. Mnong'ono wa anayemkumbusha mwenzake neno ni dalili njema, usikatwe.

Kikundi chaweza pia kuanza na hadithi iliyopo. Hadithi za African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini, huruhusiwa kubadilishwa. Zimo hata za Kilugbara, lugha ya Arua nchini Uganda na ya Aru, Ituri. Kuweka jina la Bunia mahali pa mji mwingine ni kazi ndogo. Kubadili mwisho, kisha kurudi kuurekebisha mwanzo ulingane nao, ndio ufundi.

Hatimaye simu huzimwa, na kila mtoto, hata aliyechora tu, husimulia hadithi nzima. Wote wakisita mahali pamoja, hapo hawakukubaliana, na ukurasa huo ndio wa kutungwa upya.