Namna Kitereza Alivyogeuza Ujuzi wa Miaka Mingi Kuwa Riwaya

Anayeanza kuandika riwaya ya kihistoria akikaribia miaka hamsini, au akiwa ameshaipita, ana mengi ya kusema kuliko kijana. Amewasikia wazee waliokwisha kufa, anajua mahari ilivyopangwa, chombo kilivyoundwa, maiti ilivyozikwa. Kisha anatuandikia kurasa ishirini za jinsi mtama ulivyopandwa zamani, nasi tunakifunga kitabu. Tatizo hilo ni la ufundi, na katika fasihi ya Kiswahili yupo mtu aliyelipatia jibu zamani: Aniceti Kitereza wa Ukerewe.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Alisoma seminari ya Rubya, ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Viktoria, akajifunza Kilatini na lugha za Wazungu, na baadaye akafanya kazi na wamisionari wa Kagunguli kisiwani kwake. Alikusanya ngano, methali na desturi za Wakerewe, akitiwa moyo na Padri Almas Simard, Mkanada. Mswada wa riwaya yake aliukamilisha mwaka 1945, akikaribia miaka hamsini, kwa Kikerewe. Hakupatikana wa kuuchapa kwa lugha hiyo. Akiwa mzee akaufasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 Tanzania Publishing House ikautoa kwa juzuu mbili: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali.

Nia yake haikuwa siri: alitaka lugha na maisha ya watu wake yasipotee. Kwa nia hiyo angeweza kuandika kitabu cha desturi, chenye sura ya kilimo, sura ya uvuvi na sura ya uganga. Alichofanya ni kutafuta hitaji moja la kibinadamu ambalo, ukilifuata, litakupitisha katika desturi zote hizo. Hitaji lenyewe ni mtoto. Myombekere na Bugonoka wanapendana lakini hawajajaliwa mtoto, ndugu za mume wanaanza maneno, na wazazi wa mke wanakuja kumchukua binti yao.

Tazama uzito wa uamuzi huo. Angechagua vita, desturi za nyumbani zingebaki pembeni. Angechagua mapenzi ya vijana wawili, hadithi ingefika harusini ikaisha. Utasa unagusa kila mlango: ukoo wa mume, ukoo wa mke, baraza la wazee, mganga na dawa zake, kisha mimba, uzazi, kupewa jina, malezi, hadi watoto nao waoe na waolewe. Kitereza na mkewe Anna waliwazika watoto wao wakiwa wadogo. Sidhani kwamba mtu wa miaka ishirini na mitano, hata awe na kipaji gani, angelishika jambo hili kwa mkono mtulivu namna ile.

Mbinu yenyewe inaonekana vizuri zaidi katika suala la pombe. Myombekere anakwenda ukweni kumwomba mkewe. Wakwe wanamtoza faini ya pombe ya ndizi. Hapo ndipo mwandishi anapopata ruhusa ya kutueleza upishi wa pombe hatua kwa hatua: ndizi ziivishwe, zikamuliwe, maji yake yachachuke, na marafiki waitwe kusaidia kazi. Maelezo ni marefu, lakini tunayafuata kwa sababu pombe ikiharibika, Bugonoka harudi. Kila hatua ni siku nyingine ya mume aliyebaki peke yake, akiyapata mateso ya nyumba isiyo na mke. Desturi imekuwa kizuizi kati ya mtu na anachokitaka, na msomaji anajifunza Ukerewe ya kale huku akimwonea huruma Myombekere. Ukitaka kuchukua jambo moja tu kutoka kwa Kitereza, chukua hili.

Uamuzi wake wa pili unastahili kusifiwa pia. Mwenyewe alitoka katika ukoo wa watawala wa kisiwa, na mfano wa riwaya ya mtawala ulikuwapo: Chaka ya Thomas Mofolo ilitoka mwaka 1925. Adam Shafi naye, katika Kasri ya Mwinyi Fuad ya mwaka 1978, aliijenga hadithi kuelekea Mapinduzi ya Zanzibar. Kitereza aliwaacha watawala nyuma, akaweka mbele mkulima na mkewe katika Ukerewe ya kabla ya ukoloni. Kwa uamuzi huo alikosa tukio kubwa la kuibebesha riwaya, na ndiyo sababu hitaji la mtoto ilibidi liwe na nguvu kiasi kile.

Mbinu hii ya kupitisha maarifa katika haja ya mhusika si ya Ukerewe peke yake. Mwingereza Penelope Fitzgerald, aliyezaliwa mwaka 1916, alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1977, na The Blue Flower, kuhusu ujana wa mshairi Novalis katika Ujerumani ya karne ya 18, mwaka 1995. Kitabu kinaanza siku ya kufua. Mgeni anayakuta mashuka yakirushwa kutoka madirishani, naye anafanya hesabu kimya: kwa mama yake hufuliwa mara tatu kwa mwaka, hapa mara moja tu, kwa hiyo nyumba hii ina nguo za kutosha mwaka mzima. Cheo cha familia tumekijua kwa macho ya mgeni mwenye sababu ya kujilinganisha. Fitzgerald amelimaliza hilo kwa aya chache, wakati Kitereza angelipa sura nzima. Ubahili wa Fitzgerald unanivutia, ila yeye aliandikia wasomaji ambao maktaba zao zimejaa habari za karne hiyo. Wakerewe hawakuwa na akiba hiyo. Asichokiandika Kitereza kingepotea kabisa.

Hata hivyo zipo sehemu mbinu yake inalegea. Kadiri hadithi inavyosonga mbali na hitaji la kwanza, desturi zinaanza kuja zenyewe bila mtu anayezihitaji, na mazungumzo ya salamu na adabu yanachukua nafasi kubwa mno. Mhariri mkali angepunguza. Lakini hata kulegea huko kunafundisha: kurasa zinazochosha ni zile ambazo hakuna mhusika anayepoteza kitu jambo likienda mrama.

Basi wewe mwalimu mstaafu, nahodha, mkunga au karani wa zamani wa mahakama ya mwanzo, mwenye madaftari yaliyojaa, usianze na yale unayoyajua. Anza na mtu mmoja anayekosa kitu, umweke mahali ambapo hawezi kukipata bila kupitia hayo unayoyajua, na lile lisilomzuia wala kumsaidia liache daftarini. Wala usingoje. Kitereza alifariki mwaka 1981, miaka 36 baada ya kuukamilisha mswada wake.