Sponji ya Jambiani, kwa mkono uliozoea kahawa

Kwetu Karagwe na Kyerwa, amwani ni kahawa. Jambiani, pwani ya kusini-mashariki ya Unguja, mwani ni zao la baharini, na baadhi ya kina mama wa huko siku hizi wanafuga sponji, kilimo kilicholetwa na shirika la marinecultures.org mwaka 2009. Jina hilo la mwani ndilo lililonipoteza: nilidhani sponji nayo itapimwa kama kahawa, ikiwa kavu.

Kahawa ya maganda ukiitikisa sikioni ikalia, imekauka. Sponji kavu haisemi kitu. Nzuri na mbovu zote ngumu, zimejikunyata kama mkate wa juzi. Ukitaka kununua, omba maji.

Ilowanishe, ifumbe ndani ya ngumi uikamue, kisha fungua kiganja. Sponji njema hurudi umbo lake papo hapo. Ikibaki na alama za vidole, nyuzi zake zimechoka, na mara nyingi kilichozichosha ni dawa ya kung'arisha. Wateja hupenda ile njano iliyopauka. Mimi huchukua ya hudhurungi.

Halafu tafuta tundu la kamba. Sponji ni mnyama asiye na mdomo wala tumbo: huvuta maji kwa vitundu vidogo, huchuja bakteria na chembe nyingine, huyatoa kwa vitundu vikubwa. Hahitaji kulishwa. Mkulima hukata kipande cha sponji hai, hukitunga kwenye kamba ndani ya maji ya wangwa yenye majani ya bahari, kisha kazi yake kubwa ni kumsafisha, mwani na viumbe vingine visimzibe. Huo ni utunzaji wa miezi mingi, na unaonekana: nyama ilijaa sawasawa kuzunguka kamba, tundu likabaki katikati. Aliyeachwa huota kombo. Ukibonyeza ndani ukasikia chenga za mchanga au kigamba, usianze hata kupatana bei.

Pua nayo ina kazi. Kahawa iliyoanikwa juu ya udongo huubeba udongo hadi kikombeni. Sponji ambayo nyama yake haikuoshwa ikaisha hunuka uvundo mara tu inapolowa.

Bei hupanda kwa ukubwa. Mimi huchagua inayojaa kiganja kimoja, maana isiyofumbika ngumini sijaipima.